Kabla Boriti Haijafika kwa Mwenye Tanuri

Mwaka wangu wa pili wa kujifunza useremala, mjomba alinichukua Malindi kuteremsha dari la nyumba iliyokuwa imeshainama. Boriti zilizooza vichwa nilikuwa nazikata vipande vinne vinne, hamali anazipakia kwenye mkokoteni, zinakwenda kwa mwenye tanuri la boflo. Moja ilikuwa na mikato ya tezo, kile kishoka cha kuchongea, ubavuni, mitatu mifupi na mmoja mrefu umeipita ile mitatu kwa juu. Niliiona. Nikaikata vivyo hivyo. Jioni mjomba akauliza, "Ile yenye alama umeiweka wapi?" Nikamwambia imeshakwenda. Akatizama chini kidogo, akasema, "Umechoma barua, mwanangu, tena hujaisoma," akenda zake kusali magharibi.

Tangu siku ile siteremshi boriti kabla ya kuisoma. Naandika hapa namna ninavyofanya, kwa sababu vijana wananiuliza, na kwa sababu Mji Mkongwe kila siku kuna nyumba inafunguliwa dari, na mti unaotoka humo unaishia jikoni. Maabara huhitaji. Tafuta tepu, wembe mpya, msasa laini, chupa ya maji, penseli, daftari, na lenzi ile ya mafundi saa.

Anza na chumba, mti baadaye

Pima upana wa chumba kabla hujagusa kitu, ukuta hadi ukuta, ndani kwa ndani. Nyumba zetu za mawe zitakupa mita mbili na nusu, tatu, tatu na kidogo. Ukipata tano, inua macho: pana mhimili katikati au pana gogo la ng'ambo. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Boriti zetu ni za mkoko, na mkoko ulionyooka, wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe na chokaa, haurefuki kupita hapo kwa sana. Tajiri angeweza kuwa na majahazi saba bandarini, upana wa chumba chake cha kulala ulikuwa umeshaamuliwa na mti huko Rufiji.

Sasa tepu hiyohiyo ichukue kwa fikra uende nayo Uajemi. Mfalme Dario alianza kuujenga mji wa kifalme wa Persepolis, karibu na Shiraz ya leo, mnamo mwaka 518 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ukumbi mkubwa wa pale, Apadana, ni mraba wa mita 60 hivi kila upande, na ndani mna safu sita za nguzo sita sita. Gawa mwenyewe. Kutoka nguzo hadi nguzo ni zaidi ya mita 8, na kimo chake kinakaribia mita 20. Fundi yeyote wa hapa akiambiwa hivyo atacheka kwanza, kisha atauliza: walilaza nini juu? Jiwe la urefu huo lingekuwa zito mno, na rahisi kukatika likibebeshwa paa. Walilaza magogo. Paa lile halipo leo, lakini umbali baina ya nguzo umebaki ardhini, na unatosha kukwambia kuwa mti ulikuwa mrefu, umenyooka, na mtu aliutafuta mbali.

Kwa hiyo hata kama boriti zimeshaibwa, pima. Pima tundu ukutani ilimokaa: upana, kina, na nafasi kutoka tundu hadi tundu. Chokaa hushika umbo la mti kama unga unavyoshika kidole. Nimewahi kupata tundu tupu ambalo ndani yake magome yalikuwa yamejipiga chapa, kila mstari unaonekana, mti wenyewe umeliwa na mchwa zamani. Kule Persepolis kikao cha mti ni kizuri zaidi: juu ya nguzo wamechonga ng'ombe wawili waliopeana migongo, na gogo likakaa pale katikati, baina ya shingo na shingo. Picha zake watu huzitizama kwa ajili ya pembe. Mimi natizama lile bonde la katikati, maana ndipo pa kupima. Na pale Naqsh-e Rustam, jirani yake, makaburi ya wafalme yamechongwa mwambani kwa sura ya jumba, na juu ya nguzo utaona safu ya vipande vidogo vya mraba kama meno. Hivyo ni vichwa vya boriti, mchonga mawe amemwiga seremala.

Usiye na nauli ya Shiraz, panda daladala hadi Maruhubi. Jumba la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, lilijengwa 1882 na likaungua 1899. Nguzo zipo, mbao hazipo. Persepolis nayo iliungua, mwaka 330 kabla ya Isa, Iskandar wa Makedonia alipoiteka, na Curtius, mwandishi wa Kirumi, alisimulia kuwa jumba lilikuwa limejengwa kwa mwerezi mwingi, ndiyo maana moto ulienea upesi. Kwa msomaji wa mti moto ni balaa na neema pamoja, nitakuja huko.

Kata uso mpya

Mti wa zamani haujulikani kwa rangi ya nje. Miaka mia ya moshi, chokaa na oili chafu, mkoko, mvule, msaji (mtiki) na kipande cha mlango wa choo vyote huwa ndugu wa tumbo moja. Lazima ukate uso mpya, tena kichwani mwa mti, pale inapoonekana duara, si ubavuni. Eneo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba linatosha. Kata kwa wembe, polepole, pitisha msasa ukihitaji, kisha lowesha kwa maji. Weka lenzi jichoni na usogeze mti, usisogeze kichwa.

Jambo la kwanza: pana matundu au hapana? Miti yenye majani mapana ina mirija ya kupandishia maji, na kichwani inaonekana kama vitundu vya sindano. Mwerezi, msonobari na jamaa zao hawana mirija hiyo, uso wao ni laini mtupu. Kwa swali hilo moja umeshagawa misitu ya dunia mafungu mawili. Mtego mmoja: mvinje. Kwa umbo, kwa majani, kwa mlio wa upepo, utaapa ni jamaa ya msonobari. Ukate uone, una matundu. Na mvinje ndio unaotiwa sana siku hizi mahali pa boriti za mkoko, kwa hiyo ukiukuta darini umejua pia kuwa pale palishafanyiwa ukarabati.

Mkoko ni mzito, mwekundu wa ndani, matundu madogo yametawanyika. Kwa mchu na muia, miti mingine ya mikokoni, utahitaji kulinganisha na kipande unachokijua, na hapa ushauri wangu ni uwe na kikapu chako: kipande kimoja kimoja cha kila mti, jina limeandikwa. Mimi nilianza na sita, sasa mke wangu amenihamishia kibandani. Msaji hujijulisha wenyewe, una mafuta mkononi, harufu kama ngozi ya viatu vipya, na matundu makubwa yamejipanga mstari mwanzo wa kila mwaka wa ukuaji. Mfenesi ni manjano, hukolea ukawa kahawia kadiri unavyozeeka.

Mvule una ishara moja ambayo hakuna aliyenifundisha, nilifundishwa na msumeno. Nilikuwa napasua kizingiti cha juu cha mlango huko Wete, Pemba, msumeno unakwenda vizuri kama kwenye siagi, mara nikasikia kweche, meno yamekwenda. Nikadhani msumari. Kuchimbua nikakuta jiwe jeupe ndani ya mti, mti umelizunguka, hakuna ufa wala njia ya kuingilia. Mvule hulitengeneza wenyewe, ni chokaa ile ile ya kwenye maji yake, imeganda. Ukiliona usilitupe, limo kwenye ushahidi.

Wafalme wa Uajemi walijua thamani ya kutaja mti kwa jina. Huko Susa, mji wao mwingine, lilipatikana andiko la Dario la ujenzi wa jumba lake, na ndani yake anahesabu kila kitu na kilikotoka, kama mtu anayeandika daftari la dukani. Mwerezi, anasema, ulitoka mlima uitwao Lebanoni. Waashuri wakaufikisha Babeli, na kutoka Babeli Wakaria na Waionia, watu wa pwani ya Uturuki ya leo, wakaufikisha Susa. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wala haikwenda kwa lori. Kisha anataja mti wa pili, yaka, kutoka Gandara (upande wa Pakistani ya leo) na Karmana (Kerman ya leo, Iran). Wataalamu wa lugha wameutambua yaka kuwa ni ule mti ambao kusini ya Iran hadi leo unaitwa jag, na Wahindi huuita shishamu. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Shishamu na mpingo ni jamii moja, mtu na binamu yake. Mti wa mfalme Dario una udugu na zumari yetu.

Nani aliuleta

Bibi yangu alikuwa hashikiki kwa Ushirazi wake. Sisi ni watu wa Kizimkazi, alikuwa akisema, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo bishana na ukuta. Sikubishana. Lakini mti umenifundisha kuuliza swali la upande wa pili: kama vyombo vilitoka Ghuba ya Uajemi kuja kwetu, vilirudi na nini?

Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, amejibu. Alipoieleza Siraf, bandari kubwa ya Uajemi wakati ule, iliyobanwa baina ya mlima na bahari, aliandika kuwa nyumba zake zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi ya Zanji ni huku. Basi wakati bibi anahadithia Washirazi walivyotuletea majumba, miti yetu ilikuwa imeshabeba dari zao. Biashara hiyo iliendelea miaka elfu. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti Rufiji na Lamu, yakarudi na kusi, na kule Kuwait na Bahrain boriti zetu zikapewa jina lao, chandal. Vyumba vya nyumba zao za zamani ni vyembamba kama vya kwetu, na sababu unaijua. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Kwa hiyo ukishaujua mti, andika maneno mawili mbele ya jina lake: wa hapa, au wa kuja. Msaji kwenye mlango wa Mji Mkongwe wa karne ya 19 mara nyingi ni wa kuja, kutoka India. Mfenesi asili yake ni India pia, lakini hupandwa huku, kwa hiyo ubao wake uandike wa hapa. Boriti nyingi za Unguja zilitoka mrima, pwani ya bara. Ukiona matundu makubwa ya kidole, yamepakwa ndani ganda jeupe kama chokaa, huyo ni mdudu wa baharini anayekula vyombo. Maana yake ubao ule ulikuwa jahazi kabla haujawa rafu ya sahani.

Na hapo ndipo penye kosa wanalofanya hata wenye elimu. Mti mzuri hautumiki mara moja. Ukikuta tundu la msumari pasipo na kitu cha kupigiliwa, au mkato wa kiungo usiounga chochote, mti umehamishwa kutoka jengo jingine. Chora kila mkato kabla ya kuondoa. Alama za tezo zipige picha mchana, jua likiwa la ubavuni, si saa sita. Ningefanya hivyo Malindi, ningekuwa nayo leo.

Umri, na kipande cha kupeleka kwa wataalamu

Watu wanapenda sana kuuliza boriti ina miaka mingapi, wanategemea nihesabu pete za ukuaji papo hapo. Katika nchi za baridi mti hulala wakati mmoja wa mwaka, pete zinakaa wazi. Sisi tuna masika na vuli, mti unachanganyikiwa. Hata hivyo msaji unahesabika, na kule Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti wameonyesha kuwa mkoko nao una pete za mwaka, ila si mstari: ni wingi wa matundu. Wakati wa mvua yanakuwa machache, kiangazi yanakuwa mengi. Ukisafisha vizuri utaona kivuli na mwanga vinapokezana.

Pete ya maana kuliko zote ni ya mwisho, chini ya gome. Hiyo ndiyo iliyomaliza kuota mti ulipokatwa. Moyo wa gogo la mwerezi unaweza kuwa na umri wa karne mbili zaidi ya ngozi yake, na kipimo cha kaboni kitakupa umri wa pale ulipokata kipande, si umri wa jumba. Kaboni ya aina ya 14 hupungua nusu kila miaka 5,730 baada ya kiumbe kufa. Hata kwa Persepolis kinasumbua, maana kwa miti ya baina ya mwaka 800 na 400 kabla ya Isa hivi majibu yake hufanana, miaka haipambanuki. Kwa nyumba ya Shangani ya mwaka 1870 usipoteze fedha, maana kwa kitu cha baada ya 1650 hivi kipimo hicho hutoa majibu kadhaa yanayopishana kwa miaka mingi. Hati ya nyumba au ya wakfu itakusaidia zaidi.

Kama kipande kinastahili kwenda, kichukue kabla fundi hajapaka chochote. Oili chafu na dizeli tunayopaka dhidi ya mchwa imetoka kwenye mafuta ya ardhini, kaboni yake ya 14 iliisha zamani za kale, na ikiingia kwenye mti itauzeesha kwa uongo. Mkandarasi mmoja aliwahi kupakaa dari zima usiku wa kuamkia siku tuliyopanga kuchukua sampuli. Alikuwa na nia njema, nami nilikosa la kusema. Funga kipande kwa karatasi ya foili, usikishike kwa mkono wenye gundi wala sigara, andika nyumba, chumba, boriti ya ngapi kutoka mlangoni, kichwa cha upande gani.

Mkaa ndio neema niliyoahidi. Mti mbichi huoza, wa mkaa hauozi, mchwa hauutaki, na mirija yake ya ndani inabaki na sura ile ile. Ukikuta mkaa kwenye jengo lililoungua usiusuguesugue. Uvunje kwa vidole, uso utakaokatika ni safi kuliko wa wembe, utizame kwa lenzi pale pale. Hivyo ndivyo jengo lisilo na paa linavyoweza bado kutaja mti wa paa lake.

Kutoka darini kwenda shambani

Ile nyumba ya Wete ilikuwa ya Bi Mkubwa mmoja, mjane, aliyekaa barazani siku zote tatu akituhesabia misumari. Nilipomwonyesha jiwe la mvule hakushangaa. "Babu yangu aliukata pale," akasema, akanyoosha kidole. Nikageuka. Pale palikuwa na mikarafuu mitupu, safu kwa safu, hadi bondeni.

Hapo ndipo pa kufungua ukurasa mpya wa daftari. Andika mti uliomo nyumbani, kisha tembea uone unaota wapi leo. Mvule mkubwa wa kutoa kizingiti cha kipande kimoja unataka msitu, na msitu wa namna hiyo kwa Pemba umebaki hasa Ngezi. Karne ya 19 mashamba ya mikarafuu yalisambaa, na kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabeba sehemu kubwa ya zao. Msitu ulikwenda wapi? Sehemu imo kwenye milango. Waulize wazee wa kitongoji jina la mahali pia. Ukiambiwa Mvuleni na hakuna mvule hata mmoja, andika.

Waajemi walifanya kazi ya upande mwingine, walipanda. Matope ya chini ya ziwa Maharlou, karibu na Shiraz, yamehifadhi chavua ya miaka 5,000, tabaka juu ya tabaka, na inaonyesha watu wa nyakati za kale za nchi ile walivyoizungushia miti ya kupandwa kwa mkono, mizeituni na mijozi. Jumba linakueleza mti uliokatwa, tope linakueleza uliopandwa. Kwetu mikoko ya Chwaka imekaa juu ya matope ya namna hiyo hiyo.

Boriti ukishaisoma, usiilaze chini. Weka mawe matatu, ilaze juu yake kivulini, kichwa chenye alama kielekee ndani, funga kipande cha kitambaa chenye namba. Siku ya pili mwenye tanuri atamtuma kijana kuuliza kama kuna kuni. Mpe za mvinje.